Je, Deni la Babu Humfuata Mjukuu?

Katika baraza yetu kijana mmoja aliuliza swali ambalo tulilidhani jepesi, kumbe silo. Alisema: ikiwa kila mtu huhesabiwa kwa matendo yake mwenyewe, kwa nini Mjapani aliyezaliwa baada ya vita aambiwe kila mwaka aombe radhi? Wako waliocheka, wakasema Japani iko mbali na sisi. Haiko mbali sana. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, imejaa askari. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga karibu na visiwa vya Maldives, nayo ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Tena tarehe 27 Agosti 2016 Waziri Mkuu wa Japani, Abe Shinzo, alisimama Nairobi akatangaza siasa yake ya kuzifanya Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki kuwa huru na wazi. Bahari ni ile ile.

Abe ndiye aliyekuwa wakili mkubwa wa hoja ya kijana wetu. Tarehe 14 Agosti 2015, katika kutimia miaka 70 tangu vita kwisha, alisema kwamba watoto na wajukuu wasiohusika na vita vile wasiachiwe mzigo wa kuomba radhi daima. Ingawa, kwa insafu, aliongeza kwamba Wajapani hawana budi kuikabili historia yao. Na jambo hilo lilimgusa nyumbani kwake. Babu yake mzaa mama, Kishi Nobusuke, alikuwa waziri katika serikali iliyotangaza vita mwaka 1941. Baada ya kushindwa aliwekwa gerezani Sugamo akituhumiwa, akaachiliwa mwaka 1948 bila ya kuhukumiwa, na ilipofika 1957 alikuwa Waziri Mkuu.

Sisi twaikubali nusu ya hoja. Dhambi hairithiwi; mjukuu wa muuaji si muuaji. Lakini kila mmoja wetu aliyewahi kukaa penye kugawa mirathi ajua kwamba deni ni jambo jingine. Mtu akifa, mali yake haigawanywi mpaka wanaomdai walipwe. Mrithi halazimishwi kutoa kilicho chake mwenyewe, wala hapewi lawama kwa kukopa kwa baba yake, lakini hawezi kuichukua shamba na nyumba, kisha aseme, "Deni silijui, mimi nilikuwa sijazaliwa." Basi ndio tuwaulize wahafidhina wa Japani: je, mirathi mmeikubali au mmeikataa?

Jawabu lao liko Yasukuni. Hekalu hilo la Tokyo lilijengwa mwaka 1869, na roho za watu karibu milioni mbili na nusu waliokufa kwa ajili ya dola zinaenziwa humo. Hatuwezi kumlaumu mama aendaye kumlilia mwanawe. Hata wale waliokuwamo katika I-27, ambayo nayo ilizamishwa siku ile ile, walikuwa na mama zao. Lakini mwaka 1978 wakuu wa hekalu waliwaingiza humo kwa siri watu 14 walioshitakiwa katika Mahakama ya Tokyo kuwa ndio waliopanga vita, akiwamo Tojo. Nakasone alikwenda huko rasmi mwaka 1985. Koizumi alikwenda kila mwaka tangu 2001 hata 2006. Abe naye alikwenda Desemba 2013, wakakasirika Uchina na Korea, na hata Marekani wakasema wamevunjika moyo. Aendaye kwa cheo chake kupokea heshima ya wafu hao amekwisha kukiri kwamba yeye ni mrithi. Utukufu wa babu aupokea kwa mikono miwili. Deni la babu alipeleka kwa jirani.

Wao wana hoja zao, na baadhi yake ni nzito. Wasema mahakama ile ilikuwa ya washindi, na hakuna aliyeshitakiwa kwa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Ni kweli. Jaji Mhindi, Radhabinod Pal, aliwaona washitakiwa wote kuwa hawana hatia mbele ya sheria. Lakini wamsifuo husahau kwamba hakuukana ukatili uliotendeka.

Wasema pia kwamba deni lilikwisha lipwa. Kwa mapatano ya mwaka 1965 Japani iliipa Korea ya Kusini dola milioni 300 bure na milioni 200 za mkopo, na ikaandikwa kuwa madai yote yamekwisha. Hapa yatupasa tusimame kidogo. Fedha zile zilisaidia kujenga kiwanda cha chuma cha Pohang, jambo jema kwa taifa. Lakini wale wanawake waliopelekwa kutumikia tamaa za askari wa Kijapani hawakuulizwa, wala habari yao haikutajwa. Haki ya mtu husamehewa na mwenye haki. Serikali haiwezi kuisamehe kwa niaba yake kisha ikajengea kiwanda. Ilipita miaka 26 mpaka Kim Hak-sun alipojitokeza mbele ya watu, Agosti 1991, akasema kwa jina lake yaliyompata.

Baada yake ndipo serikali ya Japani ilipokiri, kwa ulimi wa Kono Yohei mwaka 1993, kwamba jeshi lilihusika na kwamba wengi walichukuliwa bila ya ridhaa yao. Mwaka 1995 Waziri Mkuu Murayama aliomba radhi kwa utawala wa kikoloni na uvamizi. Mfuko ukaundwa, lakini fedha walizopewa wale wanawake zilikuwa za michango ya raia, na wengi wao walizikataa, kwani walitaka mkono wa aliyewadhulumu. Nasi twajua kwamba mtu akikiri haki ya mwenziwe hana ruhusa ya kurudi nyuma. Mwaka 2007 Abe alisema hakuna ushahidi wa kulazimishwa kwa maana yake finyu. Mwaka 2014 serikali yake ikayachunguza upya yale ya Kono, kisha ikasema haitayabadilisha. Basi mdai hulala akiamini amekiriwa, akiamka asikia minong'ono.

Hatusemi kwamba wadai wote ni wasafi. Mapatano ya Desemba 2015, yaliyotoa yeni bilioni moja kutoka hazina ya serikali yenyewe, serikali iliyofuata ya Korea iliyaacha yakafa. Na huko Uchina hasira ya zamani yawafaa watawala wakitaka kufunika ya leo. Mdai naye aweza kupenda deni kuliko malipo.

Siku hizi Japani yaongeza silaha. Tafsiri ya kifungu cha 9 cha katiba, kile kinachokataa vita, ilibadilishwa mwaka 2014, na sheria zikafuata 2015. Huenda wana sababu; jirani zao nao wana meli nyingi. Lakini jirani atauliza bunduki hii yashikwa na mrithi gani. Mfalme Hirohito, ambaye kwa jina lake watu wale wote walikufa, aliacha kwenda Yasukuni baada ya 1975. Na maandishi ya mtumishi wake yaliyofichuliwa mwaka 2006 yaonyesha kwamba hakupendezwa na kuingizwa kwa wale 14. Mwanawe hakwenda hata mara moja katika miaka yote 30 ya ufalme wake.