Alama Zisipotosha



Matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, hapa kwetu Mwananyamala ziko nyumba zinazolia. Mtoto alitamani udaktari, lakini alama za Fizikia, Kemia na Baiolojia hazikutosha. Ndipo sisi wazazi tunapokosea. Wengine twamkemea kana kwamba ametuibia. Wengine twaanza kuuliza ni nani wa kuonwa, na kwa kiasi gani. Tusijidanganye: nafasi iliyonunuliwa imeporwa kwa mtoto wa mwenzetu, na mgonjwa ndiye atakayeilipia.

Iko njia ya halali, ingawa ni ndefu. Kijana mwenye ufaulu mzuri wa sayansi katika Kidato cha Nne aweza kusoma stashahada ya utabibu, miaka 3. Akifaulu vema, huomba shahada ya udaktari, miaka 5 mingine. (Wangapi kati yetu tumetibiwa na tabibu wa stashahada, tukapona, wala hatukumwuliza cheti?) Daudi naye, alipokwisha kupakwa mafuta na Samweli, alirudi kwanza kuchunga kondoo.

Basi kijana huyo akija ibadani Jumapili, tusimwulize alama zake. Tumwulize kama amekwisha kuchukua fomu, na ada imepungua kiasi gani.