Kalamu ya Mwalimu na Ulimi wa Mzee

Mzee wa ukoo anapotaka habari za utoto wake ziandikwe, mwalimu wa Kiswahili ndiye aitwaye kwanza. Ana daftari, ana hati nzuri, na huenda ana subira pia. Lakini ana maradhi ya kazi yake: hawezi kusikia kosa asilisahihishe. Basi yafaa tujiulize, ndugu walimu, kama tuna haki ya kuusafisha usemi wa mtu aliyetuamini na maisha yake.

Mjomba wangu alilelewa miaka ya 1950 katika kambi ya wafanyakazi wa migodi huko Katanga. Asimuliapo husema “tulikuwaka batoto”, na chakula cha mama yake hukiita bukari. Nikiandika “tulikuwa watoto” na “ugali”, hakuna mtahini atakayenipunguzia alama. Hata hivyo, ugali haukupikwa katika nyumba ile. Kilichopikwa ni bukari, kwa unga wa posho ya kampuni, na neno hilo ndilo alilolilia alipokuwa na njaa.

Wako wasemao kwamba maandishi ya namna hii yatawapotosha wanafunzi. Hofu yao si ya kupuuzwa, hasa katika nchi zetu ambamo wengi hukipata Kiswahili darasani tu. Lakini utazameni mfano wa André Yav, aliyeandika mwaka 1965 historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa ajili ya watumishi wa nyumbani, tena kwa Kiswahili cha huko huko. Johannes Fabian aliyeichapisha mwaka 1990 alihitaji mwenyeji aisome kwa sauti ndipo ieleweke. Ingalipita kwanza mikononi mwa msahihishaji, tungalipata insha safi na kuikosa sauti ya watumishi.

Shaaban Robert alifanya vingine. Katika Wasifu wa Siti binti Saad lugha ni yake, na msomaji humsikia Shaaban kuliko Siti. Hakumdhulumu mtu, maana wasifu hubeba jina la aliyeuandika. Tawasifu ni amana nyingine: asemaye “mimi” ni mzee, na mshika kalamu hana “mimi” humo.

Ugumu wenyewe ni kwamba mjomba hataki Kiswahili chake. Aliniambia niandike kama watu wa redio, asije akachekwa. Kumtii ni heshima. Kumkatalia kwa kuipenda lahaja yake ni kumfanya kitu cha maonyesho. Sikuona njia ila kumsomea kila ukurasa kwa namna zote mbili, achague mwenyewe. Kazi hii huchosha, na jioni moja hatukuvuka aya mbili. “Batoto” amewageuza kuwa watoto, bila majuto. Bukari amekataza isiguswe.

Kuhusu jirani aliyekuwa akiiba unga, bado tunabishana. Mjomba ataka jina lake litajwe. Mimi nawajua wajukuu zake.