Unamtafuta nani mjini?

NDUGU msomaji, kuna swali niliulizwa Kariakoo siku ya Jumamosi ambalo nimerudi nalo mpaka huku Mwandiga na bado halijanitoka. Nimewauliza wenzangu barazani baada ya sala ya Isha na kila mmoja ana lake. Nimeona nilifikishe hapa.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli ya kikazi iliyokwisha Ijumaa mchana, na tiketi ya basi la kurudi Kigoma ilikuwa ya Jumatatu alfajiri. Mtu wa Kigoma akiwa na siku mbili mkononi Dar es Salaam, kinachofuata kinajulikana: anakwenda kwa ndugu. Mimi nina shangazi Magomeni, dada wa baba yangu tumbo moja, aliyenilea miaka miwili nilipokuwa mdogo. Tena mke wangu alikuwa amenifungia mfuko wa dagaa na dumu la mawese, amana ya shangazi. Nami nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika umri wangu. Nilizima simu, nikachukua chumba katika nyumba ya wageni Gerezani, dumu na mfuko nikavisukuma chini ya kitanda, nikaazimia kulizunguka jiji peke yangu.

Sikuwa na ugomvi na shangazi. Sababu ni kwamba nimekuwa nikienda Dar es Salaam kwa miaka karibu thelathini na nilichokuwa nakijua ni kituo cha basi, ofisi mbili tatu, na sebule ya shangazi. Ukifika kwake unakalishwa, runinga inawashwa, chakula kinaletwa, na kila baada ya saa moja anaingia jirani kuja kumwona mgeni. Jioni unaambiwa usitoke, mji una vibaka. Hayo yote ni mapenzi, lakini mji huuoni. Na mimi nilitaka kuona zile pembe ambazo hazimo kwenye kalenda za ukutani. Tumeamrishwa kutembea katika ardhi tutazame na tuzingatie. Jambo hilo limerudiwa katika Qur'an zaidi ya mara moja, mojawapo ni Surat Al-Ankabut aya ya 20. Nikajiambia ninatekeleza.

Naam, Jumamosi asubuhi nilianzia Barabara ya Sokoine, bandarini. Watu wanapita pale kila siku kuwahi vivuko, na wachache wanaigeukia Atiman House, nyumba ya kale inayosemekana kujengwa katika miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid aliyeuanzisha mji ule. Siku hizi ni nyumba ya mapadri. Jina lake ni la Adrian Atiman, Mwafrika aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na White Fathers na kusomeshwa udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa ziwa letu hili la Tanganyika, akawatibu watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Imani yake si yangu. Lakini mimi ni mtu wa ziwa, na ilinibidi nisafiri zaidi ya kilomita elfu moja ndipo nisimame mbele ya jina lake.

Kutoka hapo nikapita kwenye sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, nikakatiza Mnazi Mmoja hadi Kariakoo. Jina la Kariakoo, kama wengi wanavyojua, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale. Huwa nawaza kwamba wapagazi wale, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi na njaa, heshima yao kubwa kuliko ya sanamu ni hiyo ya jina lililoharibika matamshi, linalotajwa na kila makondakta na wachuuzi bila kujua wanamtaja nani. Kuna Mtaa wa Kongo, kuna Mtaa wa Livingstone. Nikacheka peke yangu: nimemwacha Livingstone Ujiji kwenye miembe yake, namkuta tena huku katikati ya vitenge na masufuria.

Adhuhuri nilisali Msikiti wa Manyema. Kwa sisi wa Kigoma jina hilo halihitaji maelezo. Wamanyema ni watu wa ng'ambo ya ziwa, waliovuka kuja Ujiji na misafara ya pembe na watumwa, wengine wakiwa wafanyabiashara, wengine wapagazi, wengine mateka, kisha wakasambaa Tabora, Bujumbura na pwani. Nilikuwa msafiri, lakini nikiwa nyuma ya imamu mkazi nilikamilisha rakaa nne. Nilitoka pale moyo umejaa, na pengine huko kujaa ndiko kulikoniharibia adabu.

Kwa sababu mtaa wa pili au wa tatu kutoka hapo, kati ya maghorofa mawili, nikaona nyumba ya zamani ya Kiswahili, chini, yenye baraza mbele na ukumbi wa katikati unaokwenda moja kwa moja uwani. Nyumba za aina hiyo ndizo zilikuwa Kariakoo yote. Sasa zimebaki chache, maana kiwanja kimoja kinageuzwa ghorofa la maduka. Mlango ulikuwa wazi. Nikachungulia. Boriti za darini zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Nikatia mguu ndani, hatua tatu, nne, nikainua simu nikapiga picha.

Uwani alikuwepo bibi mmoja anachagua mchele, kichwa wazi kama mtu aliye kwake. Alivuta kanga haraka akajifunika, akaniuliza:

“Unamtafuta nani, baba?”

Nikamwamkia shikamoo, nikasema simtafuti mtu, natazama tu. Akanitazama kwa muda. Akasema, “Hata madalali wanaokuja kuipima nyumba hii hubisha hodi.”

Ndugu msomaji, mimi nimesoma chuoni. Najua Surat An-Nur aya ya 27 inasema nini juu ya kuingia nyumba za watu bila kuomba idhini na kuwatolea salamu. Najua tunafundishwa kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya macho kabla ya miguu. Nikaomba radhi na kuifuta picha mbele yake. Yeye akalainika, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Mwandiga.

“Mwandiga ya Kigoma? Na hapa mjini huna ndugu?”

Nikasema sina.

Neno lilitoka lenyewe. Kumweleza kwamba ninaye shangazi Magomeni, ng'ambo tu ya bonde la Jangwani, na kwamba namkwepa, lilikuwa jambo refu na la aibu. “Sina” lilikuwa fupi. Lakini tazama lilivyofanya kazi. Bibi yule aliinuka, akatandika mkeka, akaleta chai ya tangawizi na maandazi, kisha akanipakulia wali. Akasema mgeni asiye na mtu ni wa Mwenyezi Mungu. Akanisimulia mtaa wake: nani alikuwa akikaa wapi, kisima kilikuwa wapi, ngoma zilichezwa wapi, na namna wanawe wasivyopatana kuhusu kuuza. Yote niliyoyatafuta tangu asubuhi, mambo ambayo ukuta hauwezi kumwambia mtu, niliyapata katika saa moja juu ya mkeka ule. Na niliyapata kwa uongo.

Hapa ndipo wenzangu wa barazani wanapotofautiana. Kijana mmoja anasema natia chumvi. Uongo haukumdhuru mtu, bibi amepata thawabu zake kwa nia yake, na mtu mzima ana haki ya siku mbili za nafsi yake. Hilo la mwisho silikatai. Ibn Battuta alitoka Tangier mwaka 1325 peke yake, kijana wa miaka ishirini na moja, na kama angengoja ndugu wa kumsindikiza asingefika Kilwa mwaka 1331 na sisi tusingepata habari za mji ule. Ingawa huyo huyo anasimulia kwamba alipoingia Tunis, watu wakawa wanaamkiana na yeye hana wa kumwamkia, alilia. Na ukimsoma utaona habari zake amezipata kwa makadhi na masheikh waliomkaribisha.

Mzee wetu mmoja, yeye, alishika jambo la chakula. Msafiri, alisema, ametajwa katika Surat At-Tawba aya ya 60 miongoni mwa wanaostahiki zaka hata kama kwao ni tajiri, kwa sababu amekatikiwa njiani. Wewe hukukatikiwa. Ulikuwa na fedha mfukoni na shangazi karibu. Sahani ile ilikuwa ya mtu mwingine. Nikamwambia wali haukuwa zaka, ulikuwa ukarimu tu. Akasema basi umeiba ukarimu, kama unaona hilo ni jepesi zaidi.

Mimi kinachonisumbua kiko kabla ya hapo, kwenye lile neno nililoanza nalo safari: pembe zisizojulikana. Hazijulikani na nani? Nilisomeshwa, na kwa miaka kadhaa nikasomesha watoto wa Mwandiga, kwamba Burton na Speke waligundua Ziwa Tanganyika Februari 1858. Walifika Ujiji kwa njia iliyokwisha kukanyagwa na misafara, baada ya kukaribishwa Tabora na Snay bin Amir, wakiongozana na watu waliojua waendako, wakapanga nyumba katika mji wenye soko. Tumewacheka kwa hilo, na tunastahili kuwacheka. Mpaka leo mgeni akishuka Ujiji anakwenda kwenye jiwe la Livingstone, halafu anazama vichochoroni na kamera yake, na mama zetu wanavuta kanga. Sikuwahi kudhani kwamba mtu wa Mwandiga anaweza kuwa mgeni wa namna hiyo katika nchi yake na kwa lugha yake. Stanley, pamoja na yote, alipoingia Ujiji mwaka 1871 angeulizwa anamtafuta nani angekuwa na jibu.

Jumapili sikutembea sana. Nilikaa ufukweni, nikarudi mapema. Jumatatu alfajiri nikampa kijana wa bodaboda lile dumu na mfuko apeleke Magomeni, nikapanda basi. Tulipofika Morogoro nikawasha simu, na haikukaa.

“Dagaa wamefika,” alisema shangazi. “Wewe uko wapi?”

Nikamweleza. Safari hii nilieleza yote, na nyumba, na picha, na “sina”. Alinyamaza kiasi nikadhani mtandao umekatika. Sikusikia hasira. Akasema tu, “Ulikuja mjini ukatembelea kuta.” Kisha akaniuliza yule bibi anaitwa nani, kwa sababu anataka kwenda mwenyewe kumwona, kumpelekea sehemu ya mawese na kumwambia kwamba kijana yule anao watu.

Nikamwambia sikumuuliza jina.

“Mtaa gani?”

Nikasema ni karibu na Msikiti wa Manyema, kati ya maghorofa mawili.

“Kariakoo yote,” akasema shangazi, “ni kati ya maghorofa mawili.”