Je, Kukaa Ni Heshima?



Katika nchi yetu watu wengi hudhani ya kuwa alama ya heshima ni kukaa. Mtu akiisha kupata cheo, au watoto wake wakianza kumletea msaada, huacha jembe, huacha kwenda kwa miguu, na kila alitakalo humtuma mtoto. Jirani zake humsifu wakisema, "Huyu sasa amepumzika." Neno hili twataka kulipima, maana limeshikamana na ugonjwa uingiao nyumbani bila kubisha hodi, yaani shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha.

Moyo husukuma damu ndani ya mishipa. Msukumo ukizidi siku zote, mishipa hukakamaa na moyo huchoka. Mwisho wake ni kiharusi, au moyo kushindwa kazi, au figo kuharibika. Tabibu husoma tarakimu mbili: ile ya juu ikifika 140, au ile ya chini ikifika 90, na kipimo kikirudiwa siku nyingine kikawa vile vile, mtu huyo huhesabiwa kuwa mgonjwa. Mara nyingi haumwi popote. Uchunguzi uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika watu wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu.

Je, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani? Mwaka 1929 Daktari C. P. Donnison alitangaza habari za vipimo vya watu 1,000 alivyovipima huko Kisii, nchini Kenya. Aliona ya kuwa shinikizo lao halikupanda kwa uzee kama lilivyopanda kwa Wazungu, bali baada ya miaka 40 lilielekea kushuka. Kisha mwaka 1990 zilitolewa habari za Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kukaa Nairobi: shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani, na tofauti hiyo ilionekana mapema baada ya kuhama. Tena, tusiende mbali. Wahadzabe wakaao karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini-magharibi ya Kondoa, walipimwa, na habari zao zikatolewa mwaka 2017. Walionekana kutumia kwa wastani dakika 135 kila siku katika mwendo wa kuhemesha, na wenye shinikizo la juu kati yao walikuwa wachache, hata wazee.

Hatusemi kwamba kutembea peke yake ndiko kulikowalinda. Chumvi, unene, pombe, tumbaku, umri, na urithi wa ukoo vyote vina sehemu yake. Lakini mwendo una sehemu iliyo kubwa. Viungo vikitumika, mishipa hulegea na kupanuka, na moyo hupata nguvu ya kusukuma damu nyingi kwa mapigo machache. Shirika la Afya Duniani, katika shauri lake la mwaka 2020, lilitaka mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kila juma; nazo ni kama nusu saa kwa siku tano. Kwa mgonjwa, mwendo huo ukidumishwa waweza kushusha tarakimu ya juu kwa kadiri ya 5 hadi 8.

Hapa mtu wa Busi atajibu, "Sisi twapanda vilima na kulima kwa jembe la mkono. Mazoezi ni ya watu wa mjini wasio na kazi." Amesema kweli nusu. Mama aliyelima tangu alfajiri, akateka maji na kubeba kuni, hana haja ya kuambiwa akimbie. Haja yake ni kupumzika. Lakini nyumbani mwake yuko mwingine akaaye kitini tangu asubuhi, aitaye maji ya kunywa yaletwe, apandaye pikipiki kwenda mahali pa kutembea robo saa. Basi nyumba moja ina watu wawili waumiao: mmoja kwa mzigo uliozidi, na mwingine kwa kukosa mzigo. Je, hii ni heshima? Kwa maoni yetu ni mgawanyo mbaya wa amana moja. Mwili tumepewa tuutumie, wala hatukupewa tuuhifadhi kama nguo ya sikukuu. Mzee achukuaye ndoo mwenyewe, au aendaye shambani kwa miguu, amempunguzia mkewe kazi na moyo wake amempa dawa. Mwendo wa namna hii hauwezi kuitwa wa bure.

Lakini tujihadhari na kosa la pili, yaani kumhukumu mgonjwa kwamba ni mvivu. Wako wafanyao kazi sana wakaugua, na wako wakaao wasiugue. Aliye mgonjwa ahurumiwe, asihesabiwe makosa. Wala asiache vidonge kwa sababu ameanza kutembea. Mazoezi na dawa huenda pamoja. Mwenye shinikizo lililopanda sana amwulize tabibu kwanza, kisha aanze polepole. Akiona maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kumkatikia, asimame na kutafuta msaada upesi.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na maradhi haya hujificha yenyewe, hata mwenyewe asiyajue. Kwa hiyo twawasihi ninyi walimu wa vijijini na wazee wa usharika: nendeni zahanati mkapimwe, mkawe mfano kwa wengine. Na mwendapo kuwatazama wagonjwa walio karibu, iacheni pikipiki, mwende kwa miguu. Watoto wakiwaona mkibeba mizigo yenu wenyewe, watajifunza ya kuwa heshima ya mtu haipungui kwa kutoka jasho.