Dawa ya Deni ni Kulipa

Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1970, habari za deni lisilolipwa kwa kawaida hukaa miaka 7 katika kumbukumbu za mikopo, kisha huondolewa. Ndipo mdaiwa, pengine hata jamaa yetu aishiye huko, hujiuliza: mwaka wa 6 unakwisha, je, nilipe, au ningoje jina langu lisafike lenyewe?

Torati nayo iliamuru maachilio kila mwaka wa 7. Lakini angalieni tofauti: kule aliyeachilia ni mdai mwenyewe. Huku ni karatasi tu iliyosahau. Aliyekopesha hajasamehe, na haki yake ingali mkononi mwako.

Asiye na uwezo, Mungu hamdai asichonacho. Awalishe kwanza watoto wake. Bali mwenye uwezo asijifiche nyuma ya kalenda. Tena atumie busara: katika majimbo kadhaa, kulipa sehemu tu ya deni la zamani huweza kuanzisha upya muda wa kushtakiwa, basi na wapatane kwanza kwa maandishi.

Zakayo hakungoja watu wasahau. Alisimama, akarudisha.