Je, Ni Haki Mgonjwa Ajijaribu kwa Chumvi?

Wengi wetu twamjua papasi, yule mdudu akaaye katika nyufa za nyumba za udongo, na homa aletayo kwa kuuma. Huko Marekani na Ulaya yuko jamaa yake, kupe wa mwituni, aletaye ugonjwa mwingine. Tena vijidudu vya magonjwa haya mawili ni vya ukoo mmoja. Ugonjwa huo waitwa Lyme, kwa jina la mji mdogo ulioko Connecticut. Ukitambuliwa mapema, dawa za kuua vijidudu huponya wengi kwa majuma mawili au matatu. Lakini wako wanaobaki na uchovu, maumivu ya viungo na uzito wa akili kwa miezi mingi, hata miaka. Baadhi yao, walipoona hawasaidiwi, walianza kujijaribu kwa chumvi pamoja na vitamini C, wakiongeza kidogo kidogo hata wengine wakafika gramu 12 za chumvi kwa siku. Nao huambiana habari za nafuu yao. Basi, je, wafanya vema?

Kwanza, tusiwacheke. Mfa maji haachi kutapatapa. Tena tukumbuke jinsi ugonjwa wenyewe ulivyojulikana. Mama mmoja wa Lyme, Polly Murray, aliugua yeye na jamaa yake, na waganga kwa miaka mingi hawakuona neno. Hakunyamaza, aliandika dalili zote, na mwaka 1975 akawapasha habari wakuu wa afya, wakaja wakachunguza. Mwaka 1982 Willy Burgdorfer na wenziwe wakatangaza ya kuwa wamekiona kijidudu chake ndani ya kupe. Kwa hiyo neno la mgonjwa si upuzi.

Lakini tuangalie alilolifanya mama yule. Hakusema, “Nimeijua dawa”; alisema, “Njoni mwone.” Aliweka neno lake mahali pawezapo kupimwa. Hapo ndipo ushuhuda wa chumvi unapopungukiwa, maana hakuna jaribio la haki lililoonyesha kwamba chumvi huponya ugonjwa huu.

Labda mtu atajibu, “Lakini fulani alikula chumvi akapata nafuu.” Haya, lakini maradhi ya namna hii hupanda na kushuka, na mtu hutafuta dawa mpya siku zile anapozidiwa, yakishuka baadaye, dawa husifiwa. Mwaka 2001 waganga wa Marekani walitangaza jaribio lao: wagonjwa wengine walipewa dawa za kuua vijidudu kwa siku 90, wengine kitu kisicho na nguvu yo yote, wala hawakujua nani amepewa nini. Pande zote mbili walikuwako waliojiona wamepata nafuu, wala dawa haikuzidi.

Zamani, mwaka 1747, mganga James Lind aliwagawa mabaharia 12 waliougua kiseyeye, wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Jozi moja ilinywa maji ya bahari, hayakuwafaa. Waliokula machungwa na malimau walipona upesi. Kama angaliwapa wote vyote pamoja, maji ya chumvi yangalisifiwa hata leo.

Tena chumvi si kitu cha mchezo kwa kuwa imo jikoni. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asile hata gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Ikizidi, hupandisha shinikizo la damu, na mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aweza kudhurika sana.

“Lakini mwili ni wangu,” asema mgonjwa. Ni kweli, na aliyeachwa na matumaini yote ana haki ya kutafuta. Ila kujaribu ni jambo moja, na kushuhudia ni jingine. Ajaribuye huhatirisha mwili wake; ashuhudiaye huhatirisha mwili wa mwenziwe, ambaye pengine ana figo mbovu wala hajui. Na kadiri tunavyoaminiwa na watu, ndivyo neno letu linavyozidi kuwa zito.

Basi mgonjwa na amwambie mganga wake analokusudia, asiache dawa iliyokwisha kupimwa, aandike kipimo na dalili kila siku, aweke mapema siku ya kukoma. Akiulizwa, aseme, “Nilijaribu,” wala asiseme, “Huponya.” Na mganga, akiwa hana dawa, akiri hivyo wazi, wala asimfukuze mtu kwa dharau, maana mara nyingi mlango uliofungwa ndio uliompeleka mgonjwa kwenye kopo la chumvi.