Msamaha ni haki ya aliyedhulumiwa, si amri ya wazee

Shukrani zote ni za Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), yatima aliyelelewa na watu waliomhurumia.

Ndugu zangu Waislamu, hapa Mpanda, kama ilivyo katika miji yetu mingi, mtoto akiumizwa na walezi wake mambo humalizwa sebuleni. Wazee hukaa, fatiha husomwa, kisha anayegeukiwa ni yule yule aliyeumizwa: "Samehe mwanangu, huyu ni damu yako." Aliyeumiza haulizwi kitu. Mimi nasema huo si msamaha tuliofundishwa na Qur'an na Sunna. Huko ni kumnyamazisha mtu.

Tuitazame Suratu Yusuf, maana ndiyo tunayoikimbilia katika sulhu hizi. Nabii Yusuf (AS) alitupwa kisimani na ndugu zake angali mtoto, akauzwa kwa thamani duni. Siku alipojitambulisha kwao kule Misri, kwanza aliwauliza kama wanajua walichomfanyia Yusuf na nduguye. Nao wakakiri kuwa walikosa. Hapo ndipo alipowaambia kuwa siku hiyo hawana lawama. Dhulma ilitajwa, ikakiriwa, kisha ikasamehewa. Wala hapakuwa na mzee aliyemshika mkono Yusuf akimhimiza afanye haraka.

Lipo pia la Wahshi, aliyemuua Hamza (RA), ami yake Mtume (SAW), katika vita vya Uhud. Aliposilimu, Mtume alimpokea na hakumdai damu. Lakini alimwomba, kama anaweza, asimwoneshe uso wake. Ikiwa mbora wa viumbe alisamehe na bado moyo wake ukaona uzito, sisi ni nani hata tumlazimishe binti aliyenajisiwa na mjomba wake ale naye sinia moja siku ya Idd?

Na tusidhani haya ni ya nyumba mbili tatu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopata ukatili wa kimwili walikaribia robo tatu, wasichana kwa wavulana. Watoto wa wakati ule leo ni wazazi, na tunasimama nao safu moja msikitini.

Nami ni mmoja wao. Mama yangu alipofariki nilichukuliwa na ndugu wa marehemu baba yangu, tuliokuwa tukilima naye tumbaku. Sitaeleza yote. Itoshe kuwa nilipigwa kwa waya, nikalala jikoni na mbwa, na nikanyimwa chakula kwa kosa la kuamka nimechelewa. Nikiwa na miaka 12 nilidandia treni ya kutoka Kaliua nikashuka Mpanda, wakati huo ingali mkoa wa Rukwa, kwani Katavi ilianzishwa mwaka 2012. Mjane mmoja aliyekuwa akiuza maandazi karibu na stesheni aliniuliza swali moja tu: "Baba, umekula?" Nikakaa kwake. Akanipeleka shule na madrasa.

(Wapo watakaoniletea hadithi ya kumpiga mtoto wa miaka 10 kwa ajili ya swala. Wawasomee watu na masharti ya wanazuoni: isiwe usoni, isiache alama, isiwe kwa hasira. Na wasiache kuwaambia kuwa Anas (RA) alimtumikia Mtume miaka kumi bila kusikia hata neno la kukereka.)

Miaka ilipita, yule mlezi akaugua, akatuma wazee wa sulhu. Niliwajibu kuwa nitakuja, ila yatajwe kwanza aliyoyafanya. Wawili walikasirika, wakaniona sina adabu. Mgonjwa mwenyewe hakukasirika. Aliyataja moja baada ya jingine, na la waya akalitaja wa kwanza yeye, kabla sijafungua mdomo. Nikamsamehe mbele yao. Namtumia fedha za dawa, kwa kuwa Abubakar (RA) alihimizwa kuendelea kumsaidia Mistah hata baada ya kusingiziwa binti yake. Lakini watoto wangu hawalali nyumbani kwake, na hilo sijadiliani na mtu.

Kwangu mimi yalikuwa yamekwisha pita. Kwa mtoto anayeumizwa leo, jambo la kwanza si sulhu, ni kumtoa hatarini. Maimamu wetu waelekeze watu kwa afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au simu ya bure 116. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, na kumfichia mtu jinai hakuitwi kusitiri.

Kuhusu ukoo, watu huniuliza kama nimewakana wangu. Zayd bin Haritha (RA) alitekwa utotoni akauzwa. Baba yake alipompata Makka, Zayd alichagua kubaki kwa Mtume. Baadaye Suratul Ahzab ikaamrisha walelewa waitwe kwa majina ya baba zao, naye akarudi kuitwa mwana wa Haritha, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Nami naitwa kwa jina la marehemu baba yangu. Aliyekwenda kuniposea ni yule muuza maandazi, na wanangu wanapogombana nyumbani, hukimbilia kwake kushtaki.